Sonona, triptofani na ugali mtupu

Tangu niseme wazi kwamba natibiwa sonona, watu hawaniulizi natumia dawa gani. Wananiuliza nakula nini. Wengine huja na chupa kabisa. Shemeji yangu aliniletea moja yenye picha ya ubongo unaong'aa, imeandikwa triptofani, akanihakikishia kwamba nikiimaliza, vidonge vya hospitali nitavitupa.

Triptofani ni asidi amino, moja ya vijenzi vya protini. Mwili hauwezi kuitengeneza, lazima tuile, na ndiyo ubongo huitumia kutengeneza serotonini, kemikali inayohusika na hisia zetu. Wauza chupa wanakomea hapo: serotonini imepungua, ongeza triptofani, furaha itarudi. Mwili hauko hivyo. Sehemu kubwa ya triptofani huchukua njia nyingine kabisa, ya kinurenini, ambayo pia hutupatia niasini, yaani vitamini B3. Kidogo kinachoelekea ubongoni nacho kinagombania mlango na asidi amino nyingine, kama abiria wa Mbagala jioni. Ukila nyama nyingi, umeileta triptofani pamoja na wapinzani wake.

Watafiti waligeuza swali: wakawanywesha watu mchanganyiko wa asidi amino usio na triptofani, ili kiwango chake kwenye damu kishuke kwa saa chache. Wengi wa wale ambao hawajawahi kuugua hawakubadilika sana. Ila miongoni mwa waliopata nafuu kwa dawa zinazoongeza serotonini, wengi walirudiwa na dalili, zikatulia walipoanza kula kawaida. Mimi nimo kundi hilo la pili. Kwa hiyo sitegemei sahani initibu, lakini kukaa bila protini sikubali.

Na sonona ndiyo inayokupeleka huko. Ikinibana, nakuwa mtu wa chai ya rangi na andazi, usiku ugali na mchicha, kwa sababu nani ana nguvu ya kukaa na sufuria la maharage kwa muda wa saa mbili? Mahindi yana triptofani kidogo, na niasini yake mwili hauipati kirahisi. Tegemea mahindi matupu kwa muda mrefu na pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, inakaribia: ngozi kuharibika juani, kuharisha, akili kuvurugika, na mara nyingi kabla ya hayo huzuni, hasira za ovyo na usingizi kupotea. Mwaka 1990, karanga zilipokatika kwenye mgao wa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, pelagra iliwakumba watu takriban 18,000.

Ushauri wangu basi: pika siku mwili unapokubali. Mimi nachemsha maharage mengi, nayagawa kwenye vifuko na kuyagandisha. Dagaa nawatoa vichwa, nawakaanga wakavu bila mafuta, nawaweka kwenye chupa ya kahawa iliyoisha; siku mbaya nawamwagia juu ya ugali, basi. Uji nautia karanga za kusaga. Yai la kuchemsha halihitaji ujasiri.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana: kinga ya mwili inapopambana kwa muda mrefu, huisukuma triptofani zaidi kwenye ile njia ya kinurenini. Wagonjwa wengi wa homa ya ini C waliokuwa wakichomwa sindano za interferoni, dawa inayoamsha kinga, walipata sonona katikati ya matibabu. Huzuni ikija pamoja na homa za jioni au kupungua uzito, omba upimwe na mwili pia.

Chupa ya shemeji sikuifungua. Triptofani ya vidonge ukiichanganya na dawa za sonona kama fluoksetini, serotonini inaweza kuzidi ukatetemeka, ukatoka jasho, moyo ukaenda mbio. Hiyo ni dharura. Na mwaka 1989 huko Marekani, triptofani iliyotoka kiwanda kimoja cha Japani iliwafanya watu zaidi ya 1,500 waugue, makumi wakafa.

Kwa mnaomeza isoniazidi, iwe kutibu TB au kuikinga: dawa hiyo hupunguza vitamini B6, ambayo mwili unaihitaji kugeuza triptofani kuwa serotonini na kuwa niasini. Ndiyo sababu ya kupewa pairidoksini, yaani vitamini B6 ya kidonge, pamoja nayo. Wengi hukiacha kile kidonge wakidhani ni cha nyongeza tu. Kimeze, na kama hukupewa, muulize mfamasia kabla hujatoka dirishani.