Tumeskani ngome, je AI imalizie buruji zilizoanguka?

Swali: Mtaalamu habari za kazi. Sisi ni kikundi kidogo, tumepiga picha kama elfu mbili za ngome ya zamani kwa droni na simu tukatengeneza modeli ya 3D. Imetoka na poligoni milioni 40 (vile vipande vidogo bapa vinavyounda umbo), tukiitia kwenye miwani ya VR, yaani ya uhalisia pepe, inakwamakwama mpaka watu wanashikwa na kizunguzungu. Halafu buruji mbili, zile ngome ndogo zinazochomoza kwenye kona za ukuta, zilishaanguka na ukuta mmoja umebaki msingi tu. Kuna jamaa anasema tumwachie aijazie kwa AI, siku mbili tu tunakuwa na ngome kama ilivyokuwa. Tufanyeje?

Jibu: Nzuri. La kukwama ni dogo, tulimalize. Miwani mingi inataka fremu (picha) 90 kwa sekunde, yaani kila fremu ina milisekunde kama 11 tu za kuchorwa, tena kwa macho mawili, sasa poligoni milioni 40 zitapita wapi? Shusheni mpaka laki chache, vile vitundu na makovu ya mawe vihamishieni kwenye tekscha, yaani picha inayovishwa juu ya umbo, ngome yenyewe ikateni vipande ili cha mbali kichorwe kwa uzito mdogo. Na mgeni msimsogeze nyie, mwacheni aruke mwenyewe kituo hadi kituo, kizunguzungu kitapungua sana. Ile modeli nzito msiifute, hiyo ndo kumbukumbu yenu, ila kabla ya kujisifu nayo pimeni kuta kadhaa kwa mkono mlinganishe, maana GPS ya droni ya kawaida inaweza kukosea kwa mita nzima na picha za simu peke yake hazijui mita ni nini.

Sasa huyo jamaa. Kila wiki napata barua yenye hayo maneno, "kama ilivyokuwa", na kila wiki nauliza kitu kimoja, kama ilivyokuwa LINI?

Chukua Fort Jesus ya Mombasa ambayo wengi mnaijua. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mtaliano Cairati. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan akaiteka, Wareno wakarudi wakaifanyia kazi kubwa miaka hiyohiyo ya 1630. Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, nao wakapandisha kuta na kubadilisha walichotaka. 1875 Waingereza wakaipiga mabomu, kuanzia 1895 mpaka 1958 ikawa gereza, ndo baadaye ikawa makumbusho. Haya niambie, modeli yako ya "kama ilivyokuwa" ni ya mwaka gani kati ya hiyo? Skani haikuambii, skani imechukua mawe ya siku ile mliyorusha droni, ya Mreno na ya Muomani na plasta ya fundi wa juzi, vyote pamoja na vyote vinaonekana vya kale. Watu wanadhani wakishaskani wameipata ngome. Wamepata vipimo vya leo, basi, kazi ya kuisoma bado haijaanza.

AI ndo haijui kabisa. Imelishwa mapicha ya makasri ya Ulaya, ukiipa msingi wa buruji itakuletea mnara mrefu wa duara wenye meno juu na bendera inapepea, sijui na ukungu. Nishawahi kuitwa kukagua kazi moja (sitaitaja) nikavalishwa miwani, nikakuta daraja la minyororo mbele ya ngome ambayo haijawahi kuwa na handaki! Wageni walikuwa wanapiga makofi.

Na hili si la kompyuta tu. Kule Carcassonne, Ufaransa, karne ya 19 msanifu majengo Viollet-le-Duc aliivalisha minara mapaa ya kuchongoka ya mawe meusi, wakosoaji wakalalamika kwamba hayo ni mapaa ya kaskazini, lakini mpaka leo mtalii anaamini ndo sura yake ya asili. Yule angalau alisoma, akachora, akajenga kwa miaka mingi. Huyu wenu anataka siku mbili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mnatupa kitu kizuri ambacho VR inakiweza kuliko kibao chochote cha maelezo. Buruji za ngome za mizinga hazikuwekwa kwa urembo. Mnara wa duara unaacha pembe chini yake ambayo aliye juu haioni, adui akifika pale amejificha. Buruji yenye pembe imeiua hiyo sehemu, mzinga wa ubavuni unafagia ukuta wote hadi buruji ya pili. Msimamisheni mgeni kwenye tundu la mzinga, macho yawe kwenye kimo cha mpiga mzinga, achungulie aone anachokiona na asichokiona, kisha mpelekeni chini mguuni mwa ukuta atafute pa kujificha. Hapo atajua kwa nini buruji zina pembe badala ya kuwa duara. Sasa buruji ikishawekwa mahali siko kwa digrii kumi tu, ulinzi wote huo unakuwa uongo, na mgeni hana namna ya kugundua.

Kwa hiyo chagueni mwaka kwanza. Tafuteni ramani za zamani, picha, ripoti za wachimbaji. Kilichopo kiacheni na rangi ya mawe yake, chenye ushahidi wa ramani kipeni rangi moja tupu, mnachokisia kiwe kivuli tu cha kupenya mwanga, na kila uamuzi uandikwe umetoka wapi, London Charter ya 2009, mwongozo wa kimataifa wa kuonyesha urithi kwa kompyuta, inataka hivyohivyo. Ule ukuta wenye msingi una unene na mwelekeo, urefu wake kwenda juu ni makisio, semeni hivyo. Buruji isiyo na ushahidi wowote ichoreeni mstari tu chini, basi.

Na huyo jamaa akija na faili, mwambieni azime sehemu alizobuni ibaki ile ya mawe. Akisema haizimiki kwa sababu vyote vimeshaungana, msimlipe.