Jibu: Kwa nini vifaru hawaishi katika msitu wa Kahuzi-Biega?
Ndugu, umeuliza kwa nini sisi wa Bukavu hatuna vifaru ilhali msitu wa Kahuzi-Biega uko karibu nasi. Sababu kubwa ni chakula. Kifaru mweupe ana mdomo mpana, uliokatika sawasawa, unaomwezesha kukata nyasi fupi karibu kabisa na udongo, kwa hiyo makao yake ni mbuga zenye nyasi, maji na matope ya kugaagaa. Kifaru mweusi, ambaye mdomo wake wa juu umechongoka, hukamata majani na vitawi vya miiba vichakani. Vifaru wa msitu mzito kama huu wa Kahuzi-Biega ni wa Asia: yule wa Java amebaki Ujung Kulon peke yake, hifadhi iliyoko kisiwani Java, Indonesia.

Katika nchi yetu ya Kongo, makao halisi ya vifaru ni Hifadhi ya Taifa ya Garamba, kaskazini-mashariki, ambako majangili waliwaua vifaru weupe wa kaskazini hata wakatoweka. Mara ya mwisho walionekana mwaka 2006. Mwezi wa Juni 2023, vifaru weupe wa kusini 16 waliletwa huko kutoka Afrika Kusini. Hao ni jamaa zao wa karibu, nyasi za Garamba zinawafaa, nami naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote.