Tundu la Lenzi Kwanza, Urefu Baadaye: Nasaha kwa Wapiga Picha Wapya wa Mombasa

Wengi wanaoniuliza kuhusu lenzi ya zumu ya kuvuta mbali huanza na umbali: wanunue inayofika milimita 200, 300 au 600? Swali hilo lina haki yake. Walakini, kwa anayetaka kuifanya kazi hii hapa Mombasa na kulipwa, ningependa alitangulize swali jingine, nalo ni ukubwa wa tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, linapofunguliwa kabisa, kwa sababu ndilo litakaloamua kama picha ya saa mbili usiku itapatikana au haitapatikana.

Ukubwa huo huonyeshwa kwa nambari iandikwayo f/2.8 au f/4, nayo hupatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi (zile milimita 200 au 300, si urefu wa chombo chenyewe) kwa kipenyo cha tundu kama linavyoonekana kutoka mbele. Lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 inahitaji tundu la yapata milimita 71, yenye f/4, milimita 50, yenye f/5.6, takriban milimita 36. Ndiyo maana nambari ndogo huja na kioo kikubwa, uzito mwingi na bei ya juu. Kutoka f/2.8 hadi f/4 mwanga hupungua kwa nusu, na ukifika f/5.6 umebakiwa na robo tu.

Ipeleke robo hiyo kwenye kazi zetu za kawaida. Harusi nyingi za Mombasa zina mambo yake usiku: nikaha msikitini baada ya Isha, ambapo kuwamulikia watu flashi si adabu, kisha ukumbi wenye taa za rangi na watu wanaocheza. Ikiwa kwa f/2.8 unapata picha kwa ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na kasi ya sehemu 1 ya 250 ya sekunde, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, basi mwenye f/5.6 akisimama palepale itambidi apande hadi ISO 6400 na kuzikubali chembechembe, au ashuke hadi sehemu 1 ya 60, na hapo mikono ya wachezaji itakuwa ukungu mtupu. Muuzaji atakwambia kwamba lenzi ina kituliza mtikisiko. Ni kweli, tena kinasaidia sana, lakini kinachotulizwa ni mkono wako wewe; bi harusi anayegeuka hakimtulizi. Isitoshe, kamera nyingi hutafuta fokasi tundu likiwa wazi kabisa, hivyo katika ukumbi wenye giza lenzi yenye tundu kubwa aghalabu hushika uso upesi zaidi, huku ile yenye tundu dogo ikienda mbele na nyuma bila kutulia.

Tazama pia kama nambari ya f ni moja au ni mbili. Lenzi iliyoandikwa 70-300 f/4-5.6, yaani inayovuta kutoka milimita 70 hadi 300, huanza na f/4, lakini kadiri unavyovuta ndivyo tundu lake linavyobanwa, mpaka linafika f/5.6 pale hasa unapolihitaji. Anayepanga kasi na ISO mwenyewe, akiwa ametumia tundu lote, ataona picha zake zikififia kila anapovuta. Hata hivyo sikuzuii kuinunua. Kwa jua letu la adhuhuri pale Nyali, f/5.6 na ISO 100 hukupa kasi ya sehemu 1 ya 800 bila taabu, na hakuna mchezaji wa mpira wa ufukweni atakayekushinda. Anayefikiria wanyama wa Tsavo Mashariki naye atafaidika zaidi na urefu, hata kama ni 150-600 yenye f/5-6.3, mradi asitegemee mengi baada ya jua kuzama, kwa kuwa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta na giza huingia upesi.

Tena f/2.8 si dawa ya kila kitu. Kwa milimita 200, ukiwa mita 5 kutoka kwa maharusi na sensa, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga, ni ile kubwa ya fremu kamili, eneo linaloonekana kali kutoka mbele hadi nyuma ni yapata sentimita 10 tu. Bwana harusi akisimama nusu hatua nyuma ya mkewe, mmoja wao atapotea, na familia haitakuelewa. Katika picha za wawili nalibana tundu hadi f/4 au f/5.6 na kuongeza ISO, f/2.8 naiacha kwa uso mmoja.

Kuna na uzito. Canon ilitoa lenzi mbili za EF 70-200 mwaka 2018: ya f/2.8 ina gramu 1480, ya f/4 ina gramu 780. Kwa anayezunguka Mji wa Kale mchana kutwa akipiga picha za milango na watu, naamini ya f/4 ndiyo chaguo bora, na nasikitika kuona vijana wakiidharau kwa sababu ya sifa ya ile kubwa. Kwa harusi na kumbi, tafuteni f/2.8 hata ikiwa imetumika, kabla ya kufikiria kubadilisha kamera.

Mkinunua iliyotumika, kumbukeni kwamba unyevu wa pwani huzalisha kuvu ndani ya vioo. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma na uitazame kutoka mbele. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni sababu ya kutosha ya kuirudisha. Kisha nenda na kamera yako, piga kwa milimita 70 na kwa 200 tundu likiwa wazi kabisa, na uzikuze picha hizo kwenye kompyuta kabla ya kutoa pesa, kwani kasoro nyingi za fokasi hujificha kwenye kioo kidogo cha kamera.