Maswali ya Wasomaji: Merlot ni kampuni au ni nini?

SWALI: Shikamoo dada. Juzi kwenye sendofu ya rafiki yangu mhudumu kapita na trei ya waini, ananiuliza Merlot au Cabernet, mi nikamjibu "nyekundu yoyote tu", meza nzima wakacheka. Hayo majina ni ya kampuni? Halafu hiyo niliyopewa ilinikausha mdomo nikaiacha. Nianze na ipi? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao waliokucheka ungewauliza wewe wangejikanyaga vilevile. Si kampuni, ni aina za zabibu. Sokoni si unajua embe dodo, bolibo na sindano, zote embe ila kila moja na utamu wake? Ndo hivyohivyo.

Huko kukauka mdomo ni ukakasi, uleule wa ndizi mbichi au chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi, na unatoka kwenye ganda na mbegu za zabibu. Maana ukiminya zabibu nyingi nyeusi mchuzi wake hauna rangi, waini inakuwa nyekundu kwa sababu wameuacha ulowane na maganda, kwa hiyo rangi na ukakasi vinakuja pamoja. Cabernet Sauvignon punje zake ndogo na ganda nene, ndo maana inabana, nahisi ndo waliyokupa. Merlot ni laini zaidi. Syrah, ambayo kwenye chupa zingine imeandikwa Shiraz (zabibu ileile jamani, usilipe mara mbili ukidhani unalinganisha), mara nyingi ina kaharufu ka pilipili manga. Pinotage ni ya Wasauzi wenyewe, profesa Perold aliizalisha Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsault. Wengine wanaipenda sana, mimi kuna chupa zinaninukia moshi tu.

Nyeupe hazina ukakasi sana, shughuli yake ni uchachu. Sauvignon Blanc inanukia majani mabichi na pesheni, ni chachu kwelikweli. Chardonnay yenyewe haina harufu kali, ile vanila unayoisikia mara nyingi ni ya pipa la mti wa mwaloni. Ila kwa mtu anayeanza mi namwambia Chenin Blanc, haina makuu, ina katunda kama tufaa, asili yake Ufaransa lakini Afrika Kusini ndo zabibu inayolimwa kuliko zote na hata Dodoma ipo. Angalia tu chupa imeandikwa drai au tamu, kwa sababu Chenin wanaitengeneza kote kote, watu wengi hawasomi halafu wanasema zabibu ndo mbaya.

Na ukipita Dodoma ulizia Makutupora nyekundu, ndo zabibu yao kuu, kule wanavuna mara mbili kwa mwaka wakati Ulaya ni mara moja.

Cabernet nayo usiisuse, irudie siku una nyama choma yenye mafuta mafuta, utaona ule ukakasi umetulia. Na kwa joto la Dar nyekundu iweke kwenye friji dakika ishirini kabla ya kufungua, atakayekucheka mmiminie ya kwake ya motomoto.