Jaji atasoma jalada, basi lijaze mapema

Anayenijia kuuliza kuhusu mafao ya ulemavu aliyonyimwa mzee wake au mumewe, huanza na wakili: nimpate nani, anachukua kiasi gani. Mimi humuuliza kwanza barua ya kukataliwa iko wapi. Mara nyingi haipo. Ameambiwa kwa mdomo pale dirishani, akarudi nyumbani na huzuni yake.

Ndugu yangu ni fundi muashi, kwetu Wete, Pemba. Alianguka kwenye jengo huko Unguja akaumia mgongo. Mwajiri alimlipia hospitali siku za mwanzo, halafu akasema huyu ni kibarua tu, hana fidia. Safari ya boti ilikuwa inamtesa, kwa hiyo mambo yake niliyafuatilia mimi.

Kwanza ujue mlango wako. Watu wanasikia redioni habari za WCF wakadhani ni yetu. Ule ni mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wa Tanzania Bara. Mambo ya kazi si ya Muungano. Sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi, ya mwaka 1986 na kurekebishwa 2005, na tuna ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ulioanzishwa 1998. Fidia ya kuumia kazini na mafao ya ulemavu ya mfuko ni madai mawili, kila moja na njia yake, na kukataliwa moja kusikufanye uliache na la pili. Pensheni jamii ya wazee wa miaka 70 ni jambo jengine kabisa. Ukiwa umeondolewa kazini au hukulipwa mshahara, kuna kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi kilichowekwa na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005, na juu yake Mahakama ya Kazi.

Sasa barua. Ikiwa umekataliwa kwa mdomo, andika wewe: uliomba nini, lini, umejibiwa nini na nani, na unaomba sababu kwa maandishi. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri ubaki nayo. Ikija barua yao, andika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea, maana muda wa kukata rufaa una mwisho wake. Siku hiyo hiyo uliza mwisho ni lini.

Cheti cha daktari ndicho kinachoangusha watu wengi. Cheti cha mwanzo cha ndugu yangu kilisema "maumivu ya mgongo", basi. Nani hana maumivu ya mgongo? Nikamuomba daktari aandike kile ambacho mgonjwa hawezi tena kukifanya. Akaandika kwamba hawezi kuinua ndoo ya zege, hawezi kusimama kwa muda mrefu, hawezi kuinama. Hata sala anasali juu ya kiti. Akaeleza pia kwa nini hatarajii apone akarudi kwenye uashi. Karatasi ile ilizungumza kuliko sisi sote. Na kuhusu ukibarua, tulitoa meseji za simu za malipo ya kila wiki kutoka kwa msimamizi, na maelezo ya mafundi wenzake waliokuwa naye siku ile.

Nasisitiza karatasi kwa sababu ya namna mahakama inavyofanya mapitio ya uamuzi uliokunyima haki. Mahakama Kuu haikai kumpima mgonjwa upya. Inaangalia kama aliyekataa alikuwa na mamlaka, kama alikusikiliza, kama alifuata sheria. Akiwa hakufanya hivyo, uamuzi unafutwa na mara nyingi jambo linarudishwa palepale liamuliwe tena. Marekani, ambako tuna jamaa wengi, mafao ya ulemavu ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya huko, yako hivyo hivyo: ukishamaliza ngazi zote za ndani una siku 60 za kwenda mahakama ya shirikisho, na jaji anatazama kama kwenye jalada upo ushahidi wa kutosha kuubeba uamuzi uliotolewa. Cheti ulichokiacha kabatini hakina pa kuingia kirahisi.

Jambo jengine linaloniuma: bahasha. Mwajiri anakuja nyumbani na sheha au mzee anayeheshimika, anatoa pole, anatoa pesa kidogo, na karatasi ya kutia saini. Wazee wanasema tumalize, tusigombane. Sulhu ni kitu kizuri na mimi naipenda, lakini soma. Karatasi tuliyoletewa ilisema ndugu yangu amelipwa haki zake zote na hatadai tena. Pole tuliipokea kwa shukrani, karatasi tukaikataa, na aliyekuja hakuchukia.

Kama huna pesa ya wakili, usinyamaze. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 inawatambua wasaidizi wa sheria, na wapo hadi vijijini. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Chake Chake pia. Nenda na jalada lililopangwa kwa tarehe, karatasi ya zamani chini na mpya juu, na nakala ya kila kitu. Asilia ibaki kwako, usimpe mtu, hata akiwa mtoto wa ami yako.

Ndugu yangu alilipwa kwenye usuluhishi, kabla ya kesi kufika kwa jaji. Pesa si nyingi, lakini amefungua duka la vifaa vya ujenzi na anauza akiwa amekaa.