Kwateti Sebuleni Mji wa Kale: Ukae Wapi, Upige Makofi Lini

Fidla si ngeni Mombasa. Tumeizoea kwenye taarabu, spika zikiwa juu na watu wakinyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji. Kwateti ya muziki wa klasiki wa Ulaya ni ala nne tu, fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na chelo (kubwa zaidi, yenye sauti nzito), na mara nyingi hakuna hata kipaza sauti. Ndiyo maana kila kinacholia chumbani, kiti, feni, mfuko wa plastiki, kinaingia ndani ya muziki.

Kubwa ni kiti. Vyumba vya nyumba kongwe za Mji wa Kale ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko: karibu mita 2.5 hadi 3. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, ngumu na zinatazamana, kwa hiyo sauti hugonga huku ikarudi kule. Ukijibana safu ya kwanza, mita moja kutoka kwa mpiga fidla, utapata fidla yake na mkwaruzo wa upinde, na hao wengine utawasikia kwa mbali. Ukijificha kwenye kona ya nyuma, sauti nzito za chelo hujikusanya pale zikafunika zote. Tafuta safu ya pili au ya tatu, katikati. Ukiona viola imekaa ukingoni kulia kwako, matundu yake ya kutolea sauti yanaelekea nyuma. Hapo kiti cha kushoto kinasaidia kidogo. Kiti chenyewe kijaribu kabla hawajaanza: cha plastiki hulia kila ukijigeuza.

Wenyeji, yaani wenye nyumba, nao wapige kofi moja chumba kikiwa kitupu. Ukisikia mlio unaotetemeka kutoka ukutani, tandika mazulia na uning'inize pazia nzito upande mmoja. Watu wakishajaa, mlio hupungua wenyewe.

Feni la dari hupeperusha karatasi za noti za muziki, na kiyoyozi hunguruma, kwa hiyo usishangae vikizimwa. Vaa nguo nyepesi. Uturi tia kidogo tu, maana chumba kilichofungwa hakina pa kuupeleka. Joto likipanda, nyuzi hulegea na sauti hushuka. Wapigaji watasimama katikati kuzirekebisha. Huo si muda wa mazungumzo, wanahitaji kusikia. Simu izime kabisa: mtetemo wake juu ya kiti cha mbao husikika chumba kizima. Peremende ifungue mapema.

Uliza wanaanza saa ngapi. Wakipanga saa moja na nusu usiku, adhana ya isha huenda ikawakuta katikati ya kipande cha polepole. Mwenyeji anayeujua mtaa huanza baada ya swala.

Sasa makofi. Kazi moja kwa kawaida ina sehemu nne: ya haraka, ya polepole, ya mwendo wa dansi, kisha ya haraka tena (ya pili na ya tatu hubadilishana nafasi mara nyingine). Kwenye ratiba zimeandikwa chini ya jina la kazi, zihesabu. Makofi hungoja mwisho wa zote. Ukipotea, tazama pinde: zikiwa bado hewani, tulia. Mtunzi Haydn alijua udhaifu huu wetu, na katika Opus 33 namba 2 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), ya mwaka 1781, aliweka vinyamazo vya uongo mwishoni. Muziki unakatika, unarudi, unakatika tena. Asiyeijua kazi hiyo mara nyingi hupiga makofi mapema, na si aibu, mzaha ni wa mtunzi.

Kwenye ratiba ukiona Beethoven Opus 131, hesabu ya nne haifai. Ina sehemu 7 zinazopigwa bila kukatizwa, kwa dakika 40 hivi. Nenda msalani kabla.