Korido ya projekta: anayesimama kando haioni
Ndugu, nimekuelewa: projekta inachora korido ndefu ukutani, kamera inamfuata mtazamaji, ila wa pembeni wanaona mistari iliyopinda, na wengine wanapata kizunguzungu.

La kwanza si kosa la programu. Picha hiyo hukokotolewa kwa jicho la mtu mmoja. Hata chumba cha Ames, kile kilichojengwa kimepinda makusudi ili kionekane cha kawaida, hutazamwa kwa tundu moja. Ingiza mmoja mmoja, umwambie afumbe jicho moja, maana macho mawili huutambua ukuta bapa. Utashangaa!

Kizunguzungu mara nyingi huletwa na picha kuchelewa kufuata kichwa. Punguza ubora wake upate kasi. Jua la Dodoma lizibe kwa mapazia meusi.

Muhimu zaidi: mwanga usimetemete zaidi ya mara 3 kwa sekunde, unaweza kuamsha kifafa. Bandika onyo mlangoni. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza.